Mwenye Mkono wa Mama

Tabata haina uhaba wa watu wenye wivu, lakini wengi wao huushughulikia jioni, baada ya kazi, kama watu wanaocheza bao. Genoveva aliufanya ajira ya kudumu. Aliamka nao, akafagia nao ua, akaukanda pamoja na udongo wa vyungu. Moto wa mfinyanzi unasemekana kuteketeza kila kitu, ila waliowahi kununua vyetezo vyake vikiwa bado na joto wangeweza kuapa kwamba humo ndani kulikuwa na kijicho kilichosalia.

Aliyeonewa wivu hakuwa mtu baki. Alikuwa Eufrazia, mdogo wake wa tumbo moja, aliyeolewa na mwenye hoteli ndogo huko Mbezi Beach na kuishi katika nyumba yenye geti linalofunguka lenyewe. Majirani walidhani tatizo ni geti. Walikosea. Genoveva hakuwa na neno na geti. Aliwahi kusema kwamba nyumba inayojifungulia mlango ni nyumba ambayo watu wake hawataki kuonana. Kilichomchoma ni chungu.

Chungu hicho kilifinyangwa na mama yao huko Newala, enzi ambazo mama alikuwa bado anaona vizuri. Ndicho cha mwisho. Vingine vyote vilivunjika, kama ilivyo desturi ya vyungu, na bila desturi hiyo wanaakiolojia wasingekuwa na la kufanya. Mama alipofariki, Eufrazia ndiye aliyekuwa anamwuguza. Akakifunga chungu ndani ya kanga, akarudi nacho Dar es Salaam, akakiweka sebuleni juu ya kabati la televisheni. Ndani yake akachomeka maua ya plastiki.

"Plastiki!" Genoveva alimwambia kila aliyeingia uani kwake, akiwemo kijana wa gesi ambaye hakuwa ameuliza. "Chungu cha mama yangu mzazi kimetiwa plastiki. Na mie niko hapa, ndimi niliyebeba kazi yake."

Hilo lilikuwa shitaka lake lote, na halikuwa baya. Kati ya watoto wa mama yule, Genoveva peke yake ndiye aliyekuwa akiishi kwa udongo. Alifinyanga vyetezo kwa majirani wanaofukiza ubani na udi, vyungu vya maua kwa watu wa magorofani, na vyungu vya kupikia kwa wale wanaosema kunde za kwenye sufuria hazina ladha. Alichomea nyuma ya nyumba kwa makumbi ya nazi, na siku hizo mtaa mzima ulianua nguo huku ukimlaani kwa adabu. Kuzunguka shingo ya kila chungu, hata cha maua, alichora nakshi ileile ya mama yake: mistari ya mshazari inayokutana kama vidole vya mtu anayesali. Hakuwahi kuiacha. Mtu angemwamsha usingizini angeichora ukutani.

Kulikuwa na jambo moja tu lililohitaji maelezo, nalo lilikuwa mama mkwe.

Genoveva aliolewa na Didas akiwa msichana mdogo, akaletwa moja kwa moja Tabata, katika ua wa mama yake Didas. Mama Adelina, ndivyo alivyoitwa, alikuwa mwanamke wa kando ya Ziwa Nyasa, na kwa bahati ambayo mkwewe hakuwahi kuiita nzuri, naye alikuwa mfinyanzi. Waliishi ua mmoja mpaka bibi huyo alipozikwa. Kwa maelezo ya Genoveva, katika miaka yote hiyo hakujifunza kwake chochote isipokuwa namna ya kunyamaza. Alilisema hilo hata msibani, mbele ya wanakwaya: "Mie nilikuja na ufundi wangu kutoka kwetu, nikaukuta wake hapa. Tukawa kila mtu na wake. Mungu ampumzishe." Didas, fundi seremala aliyestaafu, mtu wa maneno machache na chakula kingi, alimtazama mkewe, akatazama jeneza, akaona afadhali aongeze wali.

Basi mambo yakakaa hivyo hadi walipokuja Abdulsamad na Hamdiya.

Hawa walikuwa mume na mke, wote watoto wa wenye maduka. Wazee wao walitegemea watarithi majora ya vitambaa. Badala yake mmoja akaenda chuo kikuu kujifunza kuokota vigae na mwingine kujifunza kuokota maneno, bidhaa mbili ambazo mpaka leo hazijapata soko Kariakoo. Abdulsamad alikuwa mwanaakiolojia, Hamdiya mwanaisimu, na katika nyumba yao ugomvi ulikuwa mmoja: yupi anayejua watu wa kale waliishi vipi, anayeshika walichovunja au anayesikiliza walichosema.

Abdulsamad alikuwa amechimba kilima fulani kusini, na kilima hicho kilikuwa kimemnyima raha. Vigae vya chini kabisa na vya juu vilikuwa na nakshi moja. Ukiangalia nje, ni watu walewale, vizazi na vizazi. Ukitia kidole ndani, mambo yanabadilika: wale wa chini walianza chungu mdomoni wakamalizia kitako, na wale wa juu walianza kitako wakamalizia juu. Wenzake waliotazama nakshi walisema hakuna aliyehama. Wenzake waliotazama ndani walisema wenyeji walifukuzwa na wageni wakaja, na mmoja wao alikwisha chora na mishale kwenye ramani kuonyesha walikopita. Hamdiya akaenda vijiji vya jirani na kilima hicho, akasikiliza wazee wanavyosema. Akakuta majina ya nakshi, ya ndugu na ya salamu ni ya lugha ya zamani ya hapo, lakini maneno ya kazi, ya kukanda, kuunga na kuparuza, yametoka kwa majirani wa bonde la pili.

"Hakuna aliyemvamia mtu," alimwambia mumewe. "Waliolewa. Msichana alikwenda bonde la pili na nakshi ya kwao, akafundishwa kazi na mkwe, na binti yake akairudisha kilimani kwa ndoa. Futa mishale yako."

"Si mishale yangu. Na nikitaka ushahidi?"

Ushahidi ulikuwa Tabata. Hamdiya alifika kununua chetezo cha mama yake, akamsikia Genoveva akimfokea paka, akauliza kwao ni wapi. Wiki hiyohiyo Abdulsamad alikuwa uani, ameingiza mkono ndani ya chungu na kufumba macho kama daktari anayepapasa tumbo la mgonjwa. Genoveva alifurahi. Hakuna mtu aliyewahi kufumba macho kwa ajili ya kazi yake.

"Nilifundishwa na mama yangu," aliwaambia. "Andikeni hivyo. Ninaye mdogo wangu Mbezi Beach, yule ana maneno tu. Kilugha cha kwetu anakiongea kama amemeza redio. Lakini mikono hana."

Hilo lilikuwa kosa. Kumwambia mwanaisimu kwamba mtu fulani "ana maneno tu" ni kama kumwambia fisi kwamba kule kuna mifupa tu. Kesho yake Hamdiya alikuwa Mbezi Beach, na siku iliyofuata pia, na habari zikafika Tabata kwamba alikuwa anakaribishwa juisi ya ukwaju yenye barafu na kurekodi maneno ya mama hadi simu inaisha chaji.

"Ya ukwaju?" Genoveva aliuliza.

"Ndivyo wanavyosema," Didas akajibu.

"Mama yangu hajawahi kunywa ukwaju maisha yake yote."

Hamdiya aliporudi pamoja na mumewe kuomba siku moja ambayo dada wawili wangefinyanga mbele yao, alimkuta mwenyeji wake amekwisha panga vita. Genoveva alichukua simu, akaweka sauti ya wote kusikia.

"Eufrazia."

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Wasomi wako hawa hapa. Wanataka kujua nani kati yetu ana mkono wa mama."

"Mie mikono yangu ilishasahau, dada. Tangu niolewe sijashika tope."

"Ndiyo nakwambia uje. Na atakayeonekana ana mkono wa mama, chungu ni chake."

Kwenye simu ilisikika sauti ya geti likifunguka lenyewe.

"Chungu kipi?"

"Usijitie hamnazo. Hicho ulichokivalisha plastiki."

"Haya dada. Ila siku hiyo usije ukanililia."

"Nilie nini, mie ninayeshika udongo kila siku?"

Abdulsamad alifungua mdomo kueleza kwamba taaluma yao haigawi urithi. Hamdiya akamkanyaga mguu.

Genoveva hakuwa mtu wa kwenda vitani na silaha moja. Mikono alikuwa nayo. Maneno yalikuwa yamechuja, maana Tabata hakuna wa kuongea naye kilugha. Akampigia shangazi yake Newala, akaomba atumiwe kwa sauti majina yote: ya udongo mbichi, ya udongo uliolala, ya gunzi la kuparuzia, ya kokoto ya kulainishia, ya kila sehemu ya chungu kutoka mdomo hadi kitako. Aliyasikiliza akipika, akayarudia akifua. Didas alikula mchana wake mwingi siku hizo akipewa, pamoja na mchuzi, jina la bega la mtungi.

Siku ikafika. Eufrazia alishuka garini na kitenge kipya kilichokuwa bado kinasimama chenyewe, kucha zimepakwa hina, na kifuani amekumbatia chungu ndani ya kanga ileile ya msiba.

"Umekuja harusini?" Genoveva alimpokea.

"Nimekuja kwa dada yangu. Ulitaka nivae gunia?"

Chungu kikawekwa juu ya kigoda, bila maua. Kilikuwa kidogo kuliko Genoveva alivyokikumbuka. Alikitazama shingoni, akaona vile vidole vinavyosali, akapata nguvu, akakaa chini kuanza.

Hakuna anayeweza kusema alifanya vibaya. Alichukua bakuli kuukuu la bati, akalipaka majivu, akapiga donge la udongo juu yake kuwa kitako, akapandisha kuta pingili kwa pingili, mkono wa kushoto ukizungusha bakuli na wa kulia ukivuta udongo juu. Wakati huohuo alitaja majina ya shangazi, moja baada ya lingine, kama mtoto wa kipaimara mbele ya askofu. Hamdiya alirekodi kwa heshima. Eufrazia aliinua nyusi kila jina lilipotoka, kwa kuwa yote yalikuwa sahihi mno; hata mama hakuwahi kuyasema safi hivyo.

Alipofika begani, pale sehemu ya juu inapoungwa na ya chini, udongo ukapasuka.

Ufa wenyewe ulikuwa mdogo, lakini Genoveva alikuwa na wageni. Akausemesha. Akauuliza ule ufa kama hauna aibu, akaliita gunzi, akaita maji, akauamuru udongo ulale, akautukana tusi refu lenye vituo, na hakuna hata neno moja katika hayo lililotoka Newala. Yote yalikuwa ya ziwani. Hamdiya alisogeza simu karibu bila kupumua. Mlangoni, Didas alikuwa ameshika kikombe cha chai karibu na mdomo, kikaganda hapo.

"Mama huyo," alisema taratibu.

"Mama nani?" Genoveva aliuliza bila kuinua kichwa, vidole bado vinaziba ufa.

"Mama yangu. Hilo tusi alikuwa ananitukanaga mimi."

Genoveva akaendelea kuziba. Alisikia, lakini udongo haungoji.

Ikawa zamu ya Eufrazia. Alifunga kitenge kiunoni, akashika donge kama mtu anayeshika chura, akacheka peke yake. Genoveva naye akacheka, kwa raha ya kweli, ya kwanza tangu habari ya ukwaju. Kisha Eufrazia akaviringisha udongo, akaunga mduara, na badala ya kuweka kitako akaanza na mdomo. Hakuzungusha kitu. Aliinama, akaanza kuzunguka yeye, kinyumenyume, mgongo umepinda, makalio yameelekea wageni, dole gumba likiwa limekunjwa ndani na kidole cha pili kikivuta.

Kicheko cha Genoveva kikakatika. Mama yao alikuwa anazunguka hapo, Tabata, ndani ya kitenge cha bei mbaya.

Eufrazia alipandisha kuta, akaacha zishike kidogo, akageuza chungu kikakalia mdomo wake, akaziba kitako mwisho kabisa kwa kubana udongo uelekee katikati. Kilitoka kibaya. Kiliegemea upande mmoja kama mtu anayesikiliza nyumba ya pili. Hakuna mteja ambaye angekichukua hata bure.

Abdulsamad aliwaomba wote wawili watie mikono ndani ya chungu cha mama. "Gusa hapa, mama. Chini, katikati."

Genoveva alishuka na kidole hadi kitakoni. Kulikuwa na uvimbe mdogo, uliojikunja.

"Kama kitovu," alisema.

"Hapo ndipo alipofunga. Cha mdogo wako kinacho. Chako kimefungwa begani, ndani kule chini ni laini kabisa. Ulipojifunza, ni nani aliyekaa na wewe?"

Alitaka kusema mama. Alilitafuta jambo lenyewe ili alitoe, akakuta kitu kingine. Kwao, mtoto wa kwanza alikuwa wa kutwanga udongo na kuteka maji. Mama alipogeuza chungu kukifunga, alihitaji maji mapya, na aliyeitwa ni yeye: Genoveva, kaniletee maji. Kila mara. Kisima kilikuwa mbali. Akirudi, chungu kimekwisha, na mziwanda amekaa pembeni na matope hadi masikioni, ameona kila kitu bila kutaka. Kisha ukaja ua huu, na mwanamke wa ziwani aliyempa donge wiki ya kwanza akasema kwa sauti ya ukali, kaa hapa, usiondoke, tazama. Alimchukia kwa sauti ile. Ila alikaa.

"Nakshi ni ya mama yako," Hamdiya alisema, macho yanawaka. "Kilugha cha nyumbani ni cha mama yako. Kazi na maneno ya kazi ni ya mkweo. Mama, wewe ndiye tuliyekuwa tunakutafuta! Wewe ndiye mabadiliko yenyewe!"

"Mie si mabadiliko," Genoveva alisema. "Mie ni mtoto wa kwanza."

Hamdiya akaliandika na hilo.

Eufrazia alikuwa wa kwanza kusogea. "Dada, kichukue tu. Mie cha nini? Nakiwekeaga maua."

"Sitaki kupewa."

"Sasa si ndicho ulichokuwa unakililia?"

"Nilisema mwenye mkono wa mama. Sikusema mwenye kuhurumiwa. Funga chungu chako uende, foleni ya Mwenge inaanza."

Eufrazia akakifunga akaenda. Abdulsamad na Hamdiya wakaenda pia, wakiwa na furaha ambayo walijitahidi kuificha mpaka kona ya kwanza. Makala yao ilitoka baadaye, na kwa mara ya kwanza majina yao yalikuwa mstari mmoja: mume vigae, mke maneno, na kwa pamoja wakaonyesha kwamba kijiji kinaweza kubadilika tumboni bila kubadilika shingoni, na kwamba mishale ya ramani mara nyingi ni wanawake waliotembea na mizigo kichwani kwenda kwa waume zao. Genoveva aliitwa humo "mfinyanzi wa Tabata". Aliuliza Eufrazia ameitwaje. Alipoambiwa "mfinyanzi wa Mbezi Beach" hakula.

Siku zikapita. Vyetezo vilitoka, lakini vilitoka kimya. Didas alijaribu mara moja kumfariji: "Mama Jonas, mama yangu angefurahi kujua." Jonas, mtoto wao wa kwanza, akipiga simu kutoka Dodoma usiku ule aliambiwa na mama yake kwamba baba yake hajambo ila amepoteza akili.

Kisha asubuhi moja geti la Mbezi Beach lilijifungua, akaingia Genoveva na kiroba cha udongo begani, sura kama ya mtu aliyekuja kukata umeme.

"Shikamoo dada. Kuna tatizo?"

"Marahaba. Nimekuja unifundishe."

"Nikufundishe nini?"

"Usinifanye nirudie."

Wakakaa baraza ya nyuma, kwenye vigae vya sakafuni vinavyong'aa, chungu cha mama katikati yao. Eufrazia hakuwahi katika maisha yake kumfundisha dada yake kitu chochote, na hakukusudia kuharakisha.

"Zunguka dada. Usikizungushe chungu, zunguka wewe."

"Kiuno kinauma."

"Cha mama hakikuwa kinauma?"

"Mama hakuwa anazunguka kwenye sakafu inayoteleza."

"Na dole gumba ndani. Ndani! Huyo mkwe wako alikuharibu kweli."

"Mwache mkwe wangu," Genoveva alijibu, akashangaa mwenyewe.

Alikuja kila wiki. Na mikono iliyoshika udongo maisha yote si ya kuchezewa: vuli haikuwa imeisha, Genoveva alikuwa anafunga kitako chenye kitovu kizuri kuliko alichowahi kufunga mwalimu wake. Akakichoma kimoja Tabata, akakirudisha Mbezi Beach, akakiweka kwenye kabati la televisheni pembeni ya kile cha mama, bila neno. Abdulsamad, alipopita kuvitazama, alifumba macho, akapapasa, akafumbua, akauliza kipi ni kipi. Alipoelezwa alikaa kwenye kochi. Atakayechimba ua wa Tabata baada ya karne kadhaa, alisema, atakuta vyungu vya aina mbili vimevunjika mahali pamoja, na ataandika kwamba watu wawili tofauti walikutana hapo, pengine kwa vita.

"Atakuwa amekosea?" Hamdiya aliuliza.

Mumewe alifikiri. "Si sana."

Sasa Eufrazia ndiye aliyekosa usingizi. Alipokuwa na mkono wa mama peke yake, ulikuwa kama geti: upo, haufikiriwi. Sasa dada yake alikuwa nao, tena ulionyooka, na juu ya huo alikuwa na mwingine, wa begani, ambao Mbezi Beach nzima haikuwa nao. Mkwe wake yeye, Mungu amweke mbali, hakuwahi kumwachia hata mwiko. Alikuwa akivitazama vyungu viwili juu ya kabati na kuona kwamba mtu ana mikono miwili na yeye ana mmoja.

Jumamosi moja akashuka garini Tabata amevaa dera kuukuu, kifuani ile kanga.

"Chungu hiki hapa," alisema. "Sikupi kwa huruma. Ulisema mwenye mkono wa mama, na mkono unao, hata yule braza wa vigae ameshindwa kututofautisha. Umeshinda. Ila sitoki hapa mpaka unifundishe ule mwingine."

"Mwingine upi?"

"Unaujua."

"Sema wa nani."

"Sema wewe wa nani. Ni mkono wako, si wangu."

Didas alikuwa kizingitini anapiga randa mguu wa kiti. Randa ikasimama. Genoveva alikitazama chungu, akamtazama mumewe, akapangusa mikono kwenye kanga kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Wa Mama Adelina," alisema. "Wa mkwe wangu. Alinifundisha hapa hapa, ulipokanyaga. Na usidhani ni wa kufundishwa hivihivi kila anayepita."

Randa ikaanza tena, polepole.

Chungu cha mama kikapelekwa ndani, kikawekwa juu ya sanduku la nguo, kitupu. Genoveva akarudi na bakuli la bati na majivu. Alimwonyesha mdogo wake namna ya kupiga kitako, akamkemea, akamwonyesha tena. Alikuwa mwalimu mzuri, na mkali kwa sauti ambayo Didas aliifahamu. Kuta zikapanda. Sehemu ya juu ikawa tayari, ya chini ikawa tayari, ikabaki kuziunga begani, pale penye siri yote. Eufrazia akasogea karibu, shingo mbele, macho hayapepesi.

"Eufrazia."

"Abee dada."

"Hebu kaniletee maji."

Eufrazia akaitazama ndoo iliyokuwa kati yao, imejaa hadi juu.

"Maji si haya hapa?"

"Hayo yamepigwa na jua," Genoveva alisema, vidole vyake vimekwisha anza kazi. "Bomba liko kwa jirani wa tatu. Nenda."